Wasifu wa mama aliyekuwa "wa nyumbani tu": namna ya kuukusanya kabla ya Jumamosi

Pole sana ndugu, kwako na kwa ukoo wote. Umesema mama ametangulia akiwa na miaka zaidi ya 80. Alizaliwa upande wa Bungoma, akaolewa, akaishi Kisumu na mzee miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na alikuwa mshirika wa kanisa la Baptist hadi mwisho. Hakuajiriwa popote. Familia imekukabidhi wewe uandike wasifu wake, mazishi ni Jumamosi, na hofu yako umeiweka wazi: "alikuwa wa nyumbani tu, kurasa mbili nitazijaza na nini?"

Vijitabu vya mazishi nimeviandika na kuvisahihisha kanisani miaka mingi, kwa hiyo vumilia jibu refu. Ukikusanya vizuri, kurasa mbili hazitatosha. Kinachofanya wasifu wa akina mama ufanane wote ni sifa: mcha Mungu, mkarimu, mchapakazi, mwenye upendo. Futa jina, weka la mama mwingine, hakuna atakayegundua. Andika kazi, mahali na mwaka. Sifa waachie wasikilizaji wazitoe wenyewe.

Leo na kesho ni siku za kuuliza, bado si za kuandika. Anza na mzee kuliko wote na aliye mbali kuliko wote, maana ifikapo Ijumaa boma litakuwa limejaa watu na hutampata mtu wa kuketi naye. Dada au kaka yake wa tumbo moja aliye hai ndiye mwenye habari za utoto na za kwao. Wifi yake ana miaka ya kwanza ya ndoa, pamoja na mambo ambayo nyinyi watoto hamkuambiwa. Mtafute jirani mmoja wa enzi za Kisumu, na mama mmoja wa kanisani waliyekuwa wakiomba pamoja. Halafu kifungua mimba, na kitinda mimba pia, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani wengine walipokwisha kuondoka.

Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani". Utajibiwa "alikuwa mtu mzuri sana" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza maswali ambayo jibu lake ni kitu cha kushika. Aliamka saa ngapi, na la kwanza alifanya nini? Maji aliteka wapi kabla ya mfereji kufika? Muhula ambao pesa za mzee hazikufika, karo ilitoka wapi? Ni nani aliyelelewa kwenu ambaye hakuzaliwa naye, na alikaa hadi lini? Ni jambo gani alilikataa katakata? Hilo la mwisho huleta habari nyingi kuliko yote. Washa kinasa sauti cha simu, uwaeleze kwamba unarekodi, kisha waache waongee kwa lugha ya nyumbani.

Sasa tarehe, ambapo makosa huwa mengi. Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho cha mama wa rika hilo usiichukue kama ukweli mtupu. Sheria ya usajili wa watu ilianza kuwajumuisha wanawake mwaka 1978. Kwa hiyo mama yenu alipata kitambulisho akiwa mtu mzima mwenye watoto, na karani aliandika mwaka wa kukadiria. Ukiona 01.01 mbele ya mwaka, basi hata siku ilibuniwa. Kwenye wasifu andika "alizaliwa mwaka 1938 hivi", na mwaka huo uwe ule ule ulio kwenye kitambulisho na kibali cha mazishi. Kama familia ina hakika kwamba mwaka halisi ni mwingine, ongeza sentensi moja kueleza. Usichapishe miaka miwili inayogombana, mmoja kwenye jalada na mwingine ndani, kwa sababu baadaye cheti cha kifo kitahitajika kwa mambo ya ardhi na benki. Kwa taarifa ya kifo, aliyefia hospitali huandikiwa fomu D1, aliyefia nyumbani huandikiwa D2 na naibu wa chifu. Piga picha fomu hiyo kabla haijapelekwa kokote, unakili jina herufi kwa herufi.

Kama hakuna karatasi yoyote, tumia matukio. Kwa upande wa Bungoma, mkasa wa Malakisi wa Februari 1948, polisi walipowapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, wazee wanaukumbuka: uliza mama alikuwa mtoto wa kubebwa au alikuwa tayari anachunga. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilizopandisha maji ya Ziwa Victoria, je, zilimkuta ameolewa? Siku ya Uhuru, Desemba 1963, alikuwa na mtoto mgongoni, na ni yupi? Kwa aliyeishi Kisumu, kifo cha Tom Mboya mwezi Julai 1969 hakisahauliki. Njaa ya 1984 na mahindi ya manjano pia. Kwa Wabukusu kuna kipimo kingine: tohara hufanyika kwenye miaka inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo ukijua kaka yake anayemfuata aliingia jando mwaka gani na akiwa na umri gani, unapata makadirio mazuri. Jina nalo husaidia kidogo. Nanjala huashiria njaa na Nasike nzige, lakini usijenge mwaka juu ya jina peke yake, maana huenda alirithishwa la bibi yake.

Ndoa mara nyingi ina tarehe mbili, ya mahari na ya kubariki kanisani, na pengine zimetengana kwa miaka 20. Ziandike zote mbili. Ukiacha moja, ama wazee wa ukoo watanung'unika ama kanisa litanung'unika.

Tukija kanisani, kuna mambo ambayo waandishi wengi huyachanganya kwa sababu wamezoea mazishi ya Kianglikana na ya Kikatoliki. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Hubatizwa mtu aliyeamini na kukiri mwenyewe, na huzamishwa majini, iwe mtoni, ziwani au kwenye birika la kanisa. Kwa hiyo sentensi ya "alibatizwa akiwa na wiki mbili" haimhusu mama kama Mbaptisti, hata kama ni kweli ilitokea kwenye dhehebu la wazazi wake. Na huenda ilitokea kweli, au hakubatizwa kwa maji kabisa. Bungoma ni eneo ambalo Waquaker walitangulia (misheni yao ya Kaimosi ilianza 1902) na wao hawatumii ubatizo wa maji. Wamisionari wa Southern Baptist kutoka Marekani waliingia Kenya mwaka 1956. Ukiambiwa mama alibatizwa kanisa la Baptist mwaka 1947, rudi ukaulize tena. Pengine mwaka umekosewa, au kanisa lilikuwa jingine. Andika safari yenyewe ilivyokuwa: alilelewa katika kanisa gani, aliokoka wapi na kwa mahubiri ya nani, alibatizwa wapi, alijiunga na ushirika wa kanisa lipi. Akina mama wengi walibadilisha dhehebu walipoolewa au walipohamia mjini. Hakuna aibu yoyote hapo, na wala si lazima ulisemee vibaya kanisa aliloliacha.

Kumbukumbu zenyewe unazipata wapi? Kanisa la Baptist hujitawala kila moja mahali pake, halina dayosisi yenye rejista ya pamoja. Daftari la washirika liko kwa katibu wa kanisa la mahali, na kama katibu wa zamani alihama nalo, basi liko sandukuni kwake. Kama kanisa liliwahi kugawanyika, na mengi yamegawanyika, uliza pande zote mbili. Alipotoka Kisumu kurudi nyumbani huenda alibeba barua ya kuhamisha ushirika, na hiyo ina tarehe. Kabla ya yote, fungua Biblia yake. Tazama ukurasa mtupu wa mwanzo na wa mwisho, tazama pembezoni mwa Zaburi, kung'uta bahasha za sadaka na vikaratasi vilivyofichwa katikati. Akina mama ambao hawakuandika barua maishani mwao waliandika humo tarehe za kuzaliwa watoto, siku mtoto alipofariki, jina la mhubiri na mstari aliosomea. Usiikung'ute kwa haraka: andika kila karatasi ilikuwa ukurasa gani kabla ya kuitoa, maana mara nyingi mstari uliopigiwa alama hapo ndio utakaofaa kwenye jalada kuliko ule unaochaguliwa na kila familia.

Huduma yake itaje kwa kitendo. "Alimtumikia Mungu kwa bidii" haisemi kitu. Je, alifundisha watoto shule ya Jumapili, darasa la umri gani, na wapo waliokua wakawa wachungaji? Alikuwa mweka hazina wa umoja wa akina mama? Ni yeye aliyefua kitambaa cha Meza ya Bwana na kuosha vikombe? Wageni wa semina walilala kwake, na nani alitoa kitanda akalala chini? Kazi ya kuosha vikombe miaka 30 hakuna anayeitaja kwenye mazishi, na bila yeye meza haingeandaliwa.

Ukimaliza sehemu hii, mchungaji aisome kabla haijaenda kwa mchapaji. Familia zenye watu wa madhehebu mengi hunakili kijitabu cha jirani, na ndani mnaingia maombi ya kumwombea marehemu au utaratibu wa maji ya baraka. Mchungaji wa Baptist hatayasoma, na itakuwa fedheha mbele ya watu. Namba za nyimbo nazo hazilingani kati ya kitabu na kitabu: chapisha maneno ya beti zenyewe.

Sasa nyumba yenyewe, ambako unasema hakuna la kuandika.

Ingia jikoni kwake kabla akina mama wa kupika matanga hawajahamisha vitu. Juu ya meko, je, kuna mahindi yaliyoning'inizwa na maganda yake? Hiyo ni mbegu: moshi huifukuza fukusi. Mwanamke anayehifadhi mbegu yake mwenyewe kila mwaka hakusubiri duka. Liandike. Kuna kopo lililotobolewa chini? Hapo alichujia chumvi ya majivu. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yanashindiliwa kwenye kopo, maji yanamwagiwa juu kidogo kidogo, na yanayochuruzika chini huwa na rangi ya chai hafifu. Kiasi kidogo hulainisha mrenda au kunde. Yakizidi, mboga inawasha ulimi. Sasa linganisha. Sentensi ya kwanza: "Marehemu alikuwa mpishi hodari." Ya pili: "Mrenda wake aliutia chumvi ya majivu aliyoichuja mwenyewe, na saga aliipika kwa maziwa akailaza chunguni hadi kesho yake ili uchungu upungue, mgeni aliyefika siku ya kwanza alipewa kuku, aliyekaa hadi ya pili alipewa saga." Ya pili itasomwa na boma zima litaitikia, kwa sababu wameila.

Sebuleni, tazama vitambaa vilivyo juu ya makochi. Nani alivifuma? Kama ni yeye, alifundishwa wapi? Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, na vilabu vyake viliwafunza akina mama wengi wa rika hilo kufuma, kushona na kutunza watoto. Kuna waliofuma vya kuuza, na karo ya kidato cha kwanza ikatoka kwenye vitambaa. Geuza kimoja uone upande wa nyuma. Nyuzi zilizofichwa vizuri ni za mtu aliyefuma kwa kuuza, kwani mnunuzi huangalia nyuma. Kimoja kinaweza kuwekwa juu ya meza ya picha siku ya ibada, kinafaa kuliko maua ya plastiki.

Kisha pesa. Mama asiyeajiriwa alikuwa na uchumi wake, ukiuliza kwa vipimo utaupata: aliuza mahindi kwa gorogoro au kwa gunia la kilo 90? Kuku wangapi waliuzwa mtoto alipoitwa kidato cha kwanza? Kule Kisumu, aliuza nini mlangoni, mandazi, omena, mkaa? Chama chake kilikuwa na akina mama wangapi, na zamu yake ilinunua nini? Mabati ya nyumba kuu mara nyingi ni ya chama, ingawa kila mtu husema ni mzee aliyejenga. Usimpokonye mzee, lakini mpe mama chake.

Hapa kuna suala moja gumu. Akina mama kadhaa wa rika lile walisomesha watoto kwa busaa na chang'aa kabla ya kuokoka, na familia za kanisa hutaka lifichwe. Mimi naona lisemwe kwa sentensi moja ikiwa yeye mwenyewe alikuwa akilishuhudia hadharani kanisani. Kama hakulisema akiwa hai, usimsemee wewe.

Mithali 31 nayo. Kila kijitabu kinaiweka nzima kujaza ukurasa. Ukiisoma vizuri utaona inataja sufu na kitani, shamba lililonunuliwa, taa isiyozimika usiku: ni orodha ya kazi. Weka mistari miwili inayolingana na jambo alilolifanya kweli, ukurasa uliobaki uutumie kwa picha.

Orodha ya familia ndiyo huvunja vikao. Kwa mama, anza na wazazi wake na ukoo wa kwao, nafasi yake kati ya ndugu zake, kisha ukoo alikoolewa. Watu wa kwao watakuja na watasikiliza kama wametajwa. Kama mzee alikuwa na wake zaidi ya mmoja, mke mwenza atajwe kwa jina na heshima, aliye hai au aliyetangulia. Watoto waliofariki waandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa pamoja na wengine, si mstari wa pembeni. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, na yule aliyelelewa tu, waamuliwe na kikao usiku wa kuamkia uchapishaji, wewe ukisoma orodha kwa sauti na kila mtu akisikia. Usiamue peke yako. Vijitabu hivi huibuka kwenye kesi za urithi mtu akitaka kuonyesha kwamba alitambuliwa, au kwamba hakutambuliwa. Wajukuu wakiwa wengi, toa idadi ya wajukuu, vitukuu na vilembwe badala ya majina, la sivyo utamsahau mmoja na mama yake hatakusamehe.

Ugonjwa: sentensi mbili. Jina la maradhi litajwe familia ikikubali tu.

Urefu. Msomaji mzuri husoma maneno 100 hivi kwa dakika mbele ya watu, polepole. Maneno 700 ni dakika saba, na akiwepo mkalimani wa Kibukusu au wa Dholuo zinakuwa karibu 15. Usizidishe hapo, kwani wanasiasa nao watataka kipaza sauti. Nakala ya msomaji ichapishwe kwa herufi kubwa, saizi 16, upande mmoja wa karatasi. Chagua mjukuu asiyelia upesi, na mwingine ashike nakala ya pili karibu naye.

Kijitabu cha A5 ni karatasi za A4 zilizokunjwa, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12 au 16. Ukipeleka 10, mchapaji ataacha mbili tupu au atajaza maua. Picha ya jalada nzima ya A5 inahitaji takriban pikseli 1748 kwa 2480. Picha ya pasipoti ikikuzwa hadi hapo, uso unakuwa ukungu, basi iweke ndogo katikati yenye nafasi nyeupe pembeni. Picha ya zamani ipige nje kivulini, simu ikiwa sambamba na picha, bila flashi, baada ya kuitoa kwenye fremu yenye kioo. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Omba prufu, yaani nakala ya majaribio, ya karatasi, usikubali ya kwenye skrini, na watu wawili tofauti wasome majina na tarehe tu, wakiachana na maneno mengine yote. Kama mazishi ni Jumamosi, prufu iwe mkononi Alhamisi asubuhi.

Nakala moja safi mpe katibu wa kanisa aiweke kwenye daftari la washirika. Na ukikwama kwenye orodha ya watoto, iandike hapa bila majina, yaani "wa kwanza, wa pili, aliyelelewa" na kadhalika, tuangalie mpangilio kabla hujaenda kwenye kikao.